Mtoano wa NHL: maswali yanayorudi kila mwaka kuhusu marefa, mitindo ya timu na hasira za mashabiki

Kila Aprili maswali ni yale yale, wengine wapya kabisa kwenye huu mchezo wa hoki ya barafu, wengine wameangalia miaka na bado refa anawachanganya. Tumeyakusanya hapa. Anza na ya msingi kama ndo unaingia, kama umeshazoea shuka moja kwa moja kwenye marefa, huko ndo kuna moto.

## Ya msingi

Hii ni ile hoki ya kwetu au nyingine?

Nyingine. Ile ambayo Kenya walimaliza wa nne Kombe la Dunia 1971 ni ya uwanja wa kawaida, watu 11 kila upande. Hii ni ya kwenye barafu, wachezaji watano na kipa, wana viatu vya chuma na magongo, na badala ya mpira wa duara wanapiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kwetu ipo kidogo, Nairobi kuna Kenya Ice Lions walioanzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, na 2018 walipelekwa Toronto wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

NHL yenyewe ni ligi ya Marekani na Kanada, timu 32. Msimu wa kawaida ni mechi 80 na kitu, afu timu 16 zinaingia mtoano. Kila raundi timu mbili zinakutana hadi mara 7, wa kwanza kushinda 4 anapita, raundi ziko 4. Yaani kubeba Kombe la Stanley lazima ushinde mechi 16, na hizo ni za kubamizwa kila baada ya siku moja au mbili kwa miezi miwili.

Mechi zinaanza saa ngapi huku?

Mechi ya saa moja jioni ya Toronto au Miami huku Afrika Mashariki ni saa nane usiku. Za magharibi, Edmonton au Los Angeles, zile zinazoanza saa nne usiku kwa saa za Toronto, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Walioko Rwanda, Burundi na Lubumbashi toeni saa moja, walioko Muscat ongezeni saa moja. Muda wa kumalizika usiupange kabisa, angalia jibu linalofuata.

Sare ikitokea wanapiga matuta?

Msimu wa kawaida ndiyo, dakika 5 za watatu kwa watatu, ikishindikana matuta. Kwenye mtoano hakuna matuta hata siku moja. Wanacheza dakika 20 kamili watano kwa watano, goli la kwanza mechi imekwisha hapo hapo, lisipopatikana wanapumzika wanarudi na dakika 20 nyingine, na nyingine, hadi mtu afunge.

Rekodi ni ya Machi 1936, Detroit Red Wings na Montreal Maroons walienda ovataimu ya sita, dakika 116 za ziada, ndo Mud Bruneteau wa Detroit akafunga la pekee. Za karibuni ni Agosti 2020, Tampa Bay na Columbus walifika ovataimu ya tano, kipa wa Columbus Joonas Korpisalo kaokoa mashuti 85 na bado kapoteza mechi, inauma sana ile. Na Mei 2023 Florida na Carolina walienda ovataimu ya nne, Matthew Tkachuk wa Florida akamaliza zikiwa zimebaki sekunde 12 na ushee waingie ya tano.

Kwangu hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye mchezo huu, na ndo maana ya refa inakuwa kubwa hivi, kosa moja saa tisa za usiku linafuta msimu mzima wa watu.

Mbona waamuzi ni wanne, nani ni nani?

Wenye kitambaa cha rangi ya chungwa mkononi ndo marefa, wako wawili, wao ndo wanatoa adhabu. Wawili wengine ni wa mstari, kazi yao ni kuotea, kudondosha kisahani mchezo uanze, na kuamulia ngumi. Kwa hiyo ukiona mtu kavutwa jezi na yule aliye karibu yake katulia, angalia kwanza mkono, inawezekana siye mwenye kazi hiyo. Wote wanavaa mistari myeusi na myeupe na mashabiki wa kule wanawaita pundamilia, si kwa upendo.

Dakika 2, dakika 4, dakika 5, tofauti nini?

Adhabu ndogo ni dakika 2, mchezaji anakaa kibandani timu yake inacheza pungufu, na wakifungwa tu anatoka. Gongo likimpiga mtu usoni akatoka damu inakuwa 4. Adhabu kubwa ni 5, na hii haifutiki kwa goli, mnaweza kufungwa mara tatu nne na mtu wenu bado amekaa. Kumbuka hili, lina kazi kwenye jibu la Vegas huko chini. Muda ambao wapinzani wenu wako pungufu unaitwa pawaplei.

## Marefa

Kwa nini faulo ya Novemba si faulo ya Mei?

Hili ndo swali namba moja, na aliyeliuliza hajakosea, anaona vizuri kabisa. Kitabu cha sheria ni kile kile ila kipimo kinahama. Mtoano ukianza watu wanagongana zaidi, wanashikana zaidi, lakini filimbi haiongezeki kwa kiasi hicho, na kadiri mechi inavyokaribia mwisho ndo inazidi kuadimika. Dakika ya 5 kumnasa mtu kwa gongo kiunoni ni dakika 2 kibandani, ovataimu kitu kile kile anaambiwa amka cheza.

Sababu wanayoitoa watetezi ni kwamba refa asiamue mechi, wachezaji waamue. Inasikika vizuri, lakini ukikaa chini ukaifikiria haisimami, kwa sababu kunyamaza nako kunaamua mechi, tena kunaamua upande mmoja. Mwenye mbio akishikwa na refa akakaa kimya, aliyefaidika ni aliyeshika. Ndo maana 2021 Winnipeg walipowatoa Edmonton 4-0, watu walipiga kelele wiki nzima kuhusu Connor McDavid wa Edmonton, mchezaji mwenye kasi kuliko wote duniani anakumbatiwa kila anapopita katikati ya uwanja na mikono ya refa iko chini.

Sababu nyingine ni ya kibinadamu tu. Kisahani kinaenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, watu kumi wanazunguka, uwanja mzima unapiga kelele, na refa anajua adhabu atakayotoa dakika ya 58, mechi ikikaribia kuisha, itarudiwa kwenye luninga hadi Jumapili, ambayo hakutoa itasahaulika mapema. Namuelewa. Lakini mimi nasema kipimo kiwe kimoja Oktoba hadi Juni, hata kikiwa kilegevu, ili timu ijengwe ikijua inajengwa kwa ajili ya mchezo gani. Kwa sasa meneja analazimika kujenga timu mbili ndani ya moja, ya kuingia mtoano na ya kushinda mtoano, na vijana wadogo wenye kipaji wanaishia kuambiwa hawana mwili wa Mei.

Adhabu ya kusawazisha ipo kweli au ni maneno ya mashabiki?

Ipo, na tumesikia kwa masikio yetu. Machi 2021, Nashville na Detroit, kipaza sauti cha refa Tim Peel kilikuwa hewani bila yeye kujua, akasikika akisema kosa lenyewe halikuwa kubwa ila alitaka awape Nashville adhabu mapema. Ligi ikatangaza kwamba hatachezesha tena, naye alikuwa amebakiza wiki chache astaafu.

Wengi walimhurumia kwa sababu kila mtu alijua hakuwa peke yake. Angalia mechi yoyote, timu moja ikipewa adhabu tatu mfululizo, ya nne mara nyingi inawaendea wenzao. Refa anahesabu kichwani. Wenyewe wanaita kuiendesha mechi, mimi naona ni kuacha kuangalia kilichotokea na kuanza kuangalia kilichotokea dakika kumi nyuma.

Mashabiki wa Vegas wanazungumzia nini wakisema 2019?

Aprili 23, 2019, raundi ya kwanza, mechi ya 7, San Jose nyumbani wanacheza na Vegas Golden Knights. Vegas wanaongoza 3-0, zimebaki dakika 10 na kitu. Kisahani kinadondoshwa, Cody Eakin wa Vegas anamsukuma Joe Pavelski wa San Jose kifuani kwa gongo, Pavelski anayumba anagongana na mtu mwingine, anaanguka kichwa kinapiga barafu, damu inatoka. Mwanzoni hakuna aliyenyanyua mkono, afu marefa wakajadiliana na kumpa Eakin dakika 5 na kumtoa nje, kwa kitendo ambacho siku nyingine ni dakika 2 au hakuna kitu. Kwa maoni yangu waliangalia damu, hawakuangalia kosa.

Na adhabu kubwa haifutiki, si ndiyo? San Jose wakafunga manne humo humo. 4-3. Vegas wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 47, wakaenda ovataimu na Barclay Goodrow akawamaliza. Ligi ikawaomba Vegas radhi, waamuzi wale wakakosa raundi iliyofuata, ila radhi hairudishi msimu.

Kilichobaki ni sheria. Kuanzia msimu uliofuata adhabu kubwa, isipokuwa ya kupigana ngumi, lazima refa aende aitazame kwenye video, anaweza kuipunguza. Na mwaka ule ule, fainali ya magharibi (raundi ya tatu), San Jose walifunga goli la ovataimu dhidi ya St. Louis baada ya Timo Meier kupiga kisahani kwa mkono kumpelekea mwenzake, uwanja mzima umeona, video haikuruhusiwa kwa kosa la aina hiyo. St. Louis walikaza wakaja kubeba kombe, lakini nayo ikabadilishwa kocha akaruhusiwa kulalamikia. Huko nyuma hivyo hivyo, 1999 Brett Hull alifunga la ubingwa wa Dallas dhidi ya Buffalo mguu ukiwa ndani ya eneo la kipa, ovataimu ya tatu, na sheria ya mguu ikafutwa baadaye. Buffalo hadi leo wanasema halikuwa goli.

Basi si wapitie kila kitu kwenye video?

Kwa sasa kocha anaweza kupinga goli kwa sababu chache tu: kuotea, kipa kusumbuliwa, au mchezo ulitakiwa usimamishwe kabla. Akikosea timu yake inapewa dakika 2, akikosea tena ni 4. Dakika ya mwisho na ovataimu kocha hana nafasi, chumba cha ligi kule Toronto ndo kinaangalia chenyewe.

Hiyo hatari ya dakika 2 si mchezo. Aprili 2025 Los Angeles Kings waliongoza Edmonton 2-0 kwa mechi, mechi ya tatu wakiwa mbele Evander Kane wa Edmonton akasawazisha 4-4, kocha wa Kings akapinga kwamba kipa kasumbuliwa, akashindwa, na sekunde chache baadaye Edmonton wakafunga kwenye pawaplei hiyo hiyo. Ikaisha 7-4 na Kings hawakushinda tena, wakatolewa na Edmonton mwaka wa nne mfululizo.

Adhabu ndogo ndogo kama kushika na kunasa zikienda kwenye video mechi haziishi. Hapo nakubaliana na ligi.

Kumsumbua kipa ni nini hasa?

Kwa maandishi: mshambuliaji asimzuie kipa kusogea ndani ya eneo lake la bluu, isipokuwa kama amesukumwa humo na mchezaji wa upande wa kipa. Kwa vitendo ndo sheria inayowagawa watu kuliko zote. Mfano 2024, Florida na Boston mechi ya 4, Sam Bennett wa Florida alimsukuma mchezaji wa Boston Charlie Coyle akamwangukia kipa wake mwenyewe, Bennett akafunga. Boston wakapinga, goli likakubaliwa. Mimi lile nisingelikubali, kipa hakupewa nafasi, lakini nimekutana na watu makini wanaosema kinyume na wana hoja.

Je, ligi inaibeba timu fulani?

Hapana. Kila upande una orodha yake ya maumivu, na orodha hizo zikiwekwa pamoja zinafutana. Ukitaka kujua kama refa kakosea, angalia tukio bila kujua ni jezi ya nani, ni ngumu ila inasaidia. Tatizo ni kipimo kinachohama, lile jibu la Novemba na Mei hapo juu, na hilo linatosha kulalamikiwa bila kuongeza njama.

## Mitindo ya timu

Florida Panthers ni wachafu au ni wazuri tu?

Ni wazuri sana na wanacheza kwenye ukingo wa sheria, vyote viwili. Walibeba kombe 2024 na 2025, zote dhidi ya Edmonton. Chini ya kocha Paul Maurice wanakukaba kuanzia nyuma ya goli lako, watu wawili wanamfuata beki wako kabla hajainua kichwa, anatupa kisahani hovyo wanakiokota wanaanza tena, na ukifika mechi ya tano mabeki wako wanasikia hatua kabla hazijaja. Hiyo si faulo, ni kazi.

Halafu kuna upande mwingine. Mei 2025 Bennett alimgonga kichwani kwa kiwiko kipa wa Toronto Anthony Stolarz, hakuna filimbi, Stolarz akatoka na hakucheza tena mfululizo ule. Bennett akamaliza akiwa mchezaji bora wa mtoano. Shabiki wa Toronto akikasirika ana haki yake. Lakini lawama yangu naiweka kwenye kipimo, Florida wamekisoma kuliko wengine wakacheza hadi pale kinapoishia. Filimbi ikipigwa kama Novemba wale bado wangekuwa timu bora, ila wangekaa kibandani zaidi.

Kuna timu zinazopaki basi kwenye hoki?

Zipo, na mabingwa kabisa. New Jersey Devils wa 1995 chini ya kocha Jacques Lemaire walijaza watu katikati ya uwanja, ukifika pale huna njia, wakawafagia Detroit 4-0 kwenye fainali. Timu nyingi zikaiga, zikaongeza kushikana, magoli yakakauka. Baada ya msimu wa 2004-05 kufutwa wote kwa mgogoro wa wachezaji na wamiliki, ligi ilirudi na filimbi kali dhidi ya kushika na ikaruhusu pasi ndefu za kuvuka mistari miwili. Mchezo ukafunguka. Huo ni ushahidi kwamba wakitaka kupiga filimbi wanaweza.

Carolina wanapiga mashuti mengi hivyo, mbona walikuwa wanakwama?

Timu ya kocha Rod Brind'Amour inakaba mtu kwa mtu uwanja mzima na inapiga kutoka kila pembe, mashuti 40 kwao si ajabu. Mengi ni ya mbali, kipa anayaona. Fainali ya mashariki 2023 walifungwa 4-0 na Florida, mechi zote nne kwa tofauti ya goli moja.

Timu bora ya msimu inatolewaje raundi ya kwanza?

Tampa Bay 2019 walishinda mechi 62 za msimu wakafagiliwa na Columbus 4-0. Boston 2023 walivunja rekodi, ushindi 65 na pointi 135, wakaongoza Florida 3-1 na wakapinduliwa meza. Kipa mmoja akiwaka wiki mbili inatosha. Na timu inayoishi kwa pawaplei, adhabu zikipungua imenyang'anywa silaha, japo Edmonton wao wanafunga hata kwa hizo chache.

## Mashabiki, na vya pembeni

Kwa nini watu wa Toronto wana uchungu hivi?

Kombe la mwisho 1967. 1993 Wayne Gretzky wa Los Angeles alimkata Doug Gilmour wa Toronto kidevuni kwa gongo, refa Kerry Fraser hakutoa adhabu, muda mfupi baadaye Gretzky huyo huyo akafunga goli la ovataimu, na mechi ya 7 akafunga matatu. 2013 waliongoza Boston 4-1 kwenye mechi ya 7 wakafungwa 5-4. 2025 wakafungwa mechi ya 7 na Florida 6-1 nyumbani. Usimtanie mtu wa Toronto mwezi wa tano, kweli nakuomba.

Pweza na panya uwanjani ni za nini?

Detroit wanarusha pweza tangu 1952, wakati huo ubingwa ulitaka ushindi 8 na pweza ana mikono 8. Florida ni panya wa plastiki, Oktoba 1995 Scott Mellanby aliua panya chumba cha kubadilishia nguo kwa gongo lake afu akafunga mawili usiku ule.

Adhabu ikiwa haijaisha na kipindi kimeisha?

Inaendelea kipindi kinachofuata, hata kama ni ovataimu.

Kisahani kikimgonga refa kikaingia golini?

Kikiingia moja kwa moja kutoka mwilini mwake si goli. Kikimgonga kikamwendea mchezaji, naye akafunga, ni goli halali.